Ukiletewa oda ya vazi la ndani la Wamormoni

Fundi wa Kikongo aliyehamia Salt Lake City yuko karibu zaidi na soko la nakala za vazi la ndani la Wamormoni, waumini wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, kuliko fundi wa Kariakoo, lakini siku hizi oda hupita mtandaoni na inaweza kumfikia yeyote mwenye cherehani na ukurasa wa biashara. Anayeagiza huwa ni kikundi cha maigizo, mtengenezaji wa filamu, au mtu aliyeacha kanisa. Huyu wa mwisho ndiye anayehitaji kufikiriwa zaidi, na wauzaji wengi humkosea kwa kudhani kwamba kila aliyetoka anataka kucheka.

Kabla hujagusa mkasi, elewa nini kinalifanya vazi hili liwe takatifu machoni pa wenyewe. Si weupe wala urefu wa mkono. Ni alama nne ndogo za uzi: mbili kifuani, moja kitovuni, moja kwenye goti la kulia. Mwongozo wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho unamwagiza muumini mwenye vazi lililochakaa azikate alama na kuziharibu, kisha akatekate nguo iliyobaki isijulikane ilikuwa nini. Baada ya hapo ni matambara, yanatupwa kama matambara mengine. Kwa hiyo nakala isiyo na alama ni nguo nyeupe ya ndani iliyoshonwa kwa mtindo fulani. Ukitia alama, umeshavuka mpaka, na hutaweza kujitetea kwa kusema ulikuwa unashona tu.

Ushauri wetu basi ni mmoja, na mengine yote yanafuata hapo: uza mtindo, usiuze alama. Mtazamaji aliyekaa mita tano kutoka jukwaani hazioni alama hizo hata zikiwepo. Mpiga picha akitaka picha ya karibu, mwambie alenge pindo la shingo au kifundo cha kamba. Anayesisitiza kwamba bila alama hanunui hajali igizo, anataka kitu cha kudhihaki, na huyo mwache aende.

Sasa mtindo wenyewe. Kosa linalojirudia ni la miaka. Joseph Smith, mwanzilishi wa Kanisa, alilianzisha vazi hili Nauvoo, Illinois, mwaka 1842, likiwa kipande kimoja kutoka shingoni hadi vifundo vya miguu, mikono ikifika vifundo vya mikono, lina kola, linafungwa kwa vikamba. Mwaka 1923 Kanisa liliruhusu mkono uishie kwenye kiwiko na mguu uishie chini kidogo ya goti, vifungo vikachukua nafasi ya vikamba, kola ikaondoka. Vipande viwili, fulana na kaptura, vilikuja mwaka 1979. Oktoba 2024 likatangazwa vazi la juu lenye mkono uliokatwa juu zaidi, kwa ajili ya nchi za joto na unyevu. Mwandaaji wa mchezo wa safari ya kwenda Utah, miaka ya 1840, akikuletea picha ya fulana na kaptura, mrudishe. Mtu aliyekulia humo ataliona kosa hilo kabla mwigizaji hajafungua mdomo.

Usikubali kunakili kutoka kwenye vazi halisi lililotumika ambalo mtu amekuletea kwenye mfuko. Kwanza, huwezi kujua amelipataje. Mengine hutoka kwenye kabati la marehemu au la mtalaka. Pili, hulihitaji. Oktoba 2014 Kanisa lenyewe lilitoa video fupi inayoonyesha mavazi haya, likaeleza matumizi yake na kuomba yaheshimiwe kama joho la mtawa au kofia ya Mwislamu. Hapo unapata umbo lote la sasa.

Kwa kipande kimoja cha zamani, amerikani isiyopaushwa inafaa kuliko kitambaa cha fulana. Ya upana wa sentimita 90, mtu wa wastani anahitaji mita nne na nusu hadi tano. Ya upana wa sentimita 150, mita tatu. Loweka kitambaa kwenye maji ya moto na ukianike kabla ya kukata. Amerikani ambayo haijafuliwa inaweza kunywea sentimita 8 hadi 10 kwenye urefu wa mita moja na nusu, na vazi la kipande kimoja halina pa kuongezea.

Kipimo kinachosahauliwa ni mzunguko wa kiwiliwili: weka tepu begani, ishushe mbele, ipitishe katikati ya miguu, irudishe kwa nyuma hadi bega lile lile. Mpime mtu akiwa amesimama, kisha akiwa amekaa, uchukue kile kikubwa. Ongeza sentimita 14 kwa amerikani, 8 kwa kitambaa kinachovutika. Fundi asiyeongeza hupata vazi linalokaa vizuri kwenye sanamu ya dukani na kuchanika matakoni mwigizaji anapopiga magoti, na katika michezo hii hakuna asiyepiga magoti. Weka kipande cha kitambaa chenye umbo la almasi, sentimita 10 kwa 10, kwenye njia panda ya miguu, mshono upigwe mara mbili. Vikamba viwe vya kitambaa kile kile, upana sentimita moja, urefu 20, jozi nne au tano kuanzia kifuani kushuka. Utepe wa dukani unang'aa na kuharibu kila kitu.

Kuzeesha rangi ni kwa chai ya rangi kali, dakika ishirini, ukigeuza kila mara. Hapa kuna mtego: uzi wa poliesta haushiki chai. Vazi litakuwa la hudhurungi na mishono itabaki myeupe kama chaki chini ya taa. Shona kwa uzi wa pamba tangu mwanzo.

Mtindo wa baada ya 1979 ni rahisi zaidi. Kitambaa cha fulana cha gramu 180 kwa mita ya mraba, upana sentimita 150, mita mbili zinatosha fulana na kaptura. Chepesi kuliko hapo huonyesha ngozi chini ya taa. Tumia sindano ya ncha butu namba 75, maana ya kawaida hutoboa nyuzi na kuacha vitundu vinavyopanuka ukifua. Usipokuwa na ovaloki, zigizaga nyembamba inatosha, mradi huvuti kitambaa kikipita. Bendi ya shingo iwe asilimia 85 ya mzunguko wa tundu la shingo. Ikizidi inalegea kama mdomo wa kifuko. Mguu wa kaptura ukatwe ufike katikati ya goti, kwa sababu mtu akikaa unapanda sentimita nne au tano.

Shingo ya vazi hili ni ya duara, iliyoshuka. Ndiyo mstari unaoonekana chini ya shati jeupe, ambao Wamormoni wenyewe huutania kuwa tabasamu la selestia, yaani la mbinguni. Na hapo tunaingia kwa mteja yule wa tatu.

Vazi halisi halinunuliwi na kila mtu. Duka la Kanisa humuuzia aliyepokea endaumenti, ile ibada ya hekaluni ambayo baada yake muumini huanza kulivaa, kwa namba yake ya uumini. Aliyejiuzulu hana tena namba hiyo. Lakini bado ana mama, ana wakwe, ana msiba wa kuhudhuria, na katika familia hizo jicho huenda lenyewe kwenye shingo ya shati na kwenye goti la suruali kutafuta ule mstari. Wapo wanaonunua nakala kwa sababu hiyo tu, ili Jumapili moja ya kutembelea wazazi ipite bila maswali. Mteja huyu hahitaji alama wala maelezo marefu. Wakati mwingine hahitaji hata kushonewa: fulana ya ndani ya kawaida yenye shingo ya duara na kaptura ya lastiki inayofika gotini zinatoa mstari ule ule. Mwambie hivyo hata kama unapoteza oda.

Wengine hutaka nakala ili waichome au waikate mbele ya marafiki, kama kufunga ukurasa. Hilo ni lao, ila uza isiyo na alama na usiweke picha za moto kwenye tangazo lako. Oktoba 2003, nje ya mkutano mkuu wa Kanisa huko Salt Lake City, wahubiri wa mitaani waliyapeperusha mavazi haya kwa dhihaka na ikazuka purukushani. Hata walioacha imani wana ndugu waliokuwa wakitoka kwenye mkutano ule.

Wanaokasirika zaidi na nakala hizi kwa kawaida ni wanawake waliotoka kanisani, na hasira yao haimlindi mtu wala kanisa. Wamelivaa vazi hili mchana na usiku kwa miaka, wakati wa joto, wa hedhi, wa kunyonyesha. Mwaka 2021 gazeti la The New York Times liliandika juu ya waumini wanawake waliokuwa wakiliomba Kanisa kitambaa kinachopitisha hewa, kwa sababu ya maambukizi na miwasho. Mtu wa namna hiyo akikuta nguo ile ile inauzwa kwa picha za mapenzi, au kama kichekesho cha sherehe, anaona mwili wake umegeuzwa bidhaa mara ya pili. Oda za picha za ngono tunashauri zikataliwe moja kwa moja.

Wapo pia wanaocheka tu, wakanunua kofia na aproni ya kijani juu yake. Hawa wasikupotoshe. Seti nzima ya ibada, yaani joho, kofia, aproni na mshipi, ni jambo jingine kabisa. Mwaka 2009 kituo cha televisheni cha HBO cha Marekani kilipokaribia kuonyesha ibada ya hekaluni ndani ya tamthilia yake, kiliomba radhi kwa watakaoumia hata kabla kipindi hakijarushwa, na hicho ni kituo chenye mawakili. Fundi wa kawaida aishie kwenye nguo ya ndani.

Tangazo liwe fupi na la ukweli: "Nguo ya ndani nyeupe kwa jukwaa na filamu, mtindo wa kabla ya 1923. Haina alama za kidini. Haikutengenezwa wala kuidhinishwa na Kanisa lolote." Usiandike neno "halisi". Usitumie jina Beehive Clothing, ambalo ni la kiwanda cha Kanisa, wala nembo yoyote yake. Mali za ubunifu za Kanisa zinashikwa na kampuni iitwayo Intellectual Reserve, na mwaka 1999 ilikwenda mahakamani dhidi ya wakosoaji waliochapisha kurasa za mwongozo wa Kanisa mtandaoni. Mkato wa fulana hauna shida. Lebo na jina ndivyo vinavyokupeleka kortini. Picha zipigwe kwenye hanga. Na ujue kwamba eBay hairuhusu nguo za ndani zilizotumika, hivyo usikubali kurudishiwa iliyovaliwa ukidhani utaiuza tena.

Nairobi lina hekalu tangu Mei 2025, Kinshasa tangu 2019, hivyo waumini wa Afrika Mashariki na Kongo wanaohitaji vazi hili wanaongezeka. Akija anayeuliza kama unashona la bei nafuu kwa ajili ya hekaluni, jibu ni hapana, aulize kwa askofu wake. Kumuuzia muumini nakala akidhani ni lenyewe ni utapeli, hata kama mshono wako ni bora kuliko wa kiwandani.

Kwenye risiti ya kikundi cha maigizo ongeza sharti: mchezo ukiisha, nguo zirudi kwako au zikatwe vipande kabla ya kutupwa. Stoo za maigizo huuza nguo zake za zamani kwa mafungu, na nakala yako ikifika mnadani bila lebo, atakayeinunua ataiuza kama halisi, na alama atazitia mwenyewe.