Mlima Haukupanda, Ardhi Ndiyo Iliyoshuka

SWALI: Shikamoo Mzee. Naishi Masasi, mkoani Mtwara, na mama yangu anaponda kokoto chini ya mlima mmoja hapa. Nchi ni tambarare, halafu ghafla unakuta jabali limesimama peke yake. Wengine wanasema ni volkano zilizozimika, wengine wanasema tetemeko liliyasukuma juu. Ukweli ni upi? Na kwa nini jiwe linabanduka matabaka hata kabla hatujaliwashia moto? Pia tunataka kuchimba kisima: tusogee mlimani au tukae mbali nao?
Msomaji, Masasi

JIBU: Marahaba, mwanangu. Volkano iondoe kabisa. Okota kokoto moja ya mama, ioshe, uitazame juani. Utaona mistari myeusi na myeupe iliyopindapinda, na ulanga unaometameta. Hiyo ni naisi, mwamba uliopikwa na kukandamizwa kilomita nyingi chini ya ardhi, zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita. Lava haitoki na sura hiyo.

Basi lilifikaje juu ya mapaa yenu? Bara zima limeinuka polepole, ni kweli, lakini hakuna kilichousukuma mlima huo peke yake. Ardhi iliyouzunguka ndiyo iliyoondoka.

Kazi ilianzia chini, hakuna anayeiona. Maji ya mvua hupenya kwenye nyufa za mwamba na kuuozesha: madini ya feldispa yanageuka udongo wa mfinyanzi, madini magumu ya kwazi yanabaki mchanga. Nyufa zikisongamana, mwamba unaoza wote. Zikiwa chache, maji hayana pa kupita na mwamba unabaki mzima. Mito ikishaubeba ule uliooza, ule mzima unachomoza.

Ukishachomoza, tofauti inazidi, na hapa ndipo penye utamu wa jambo lenyewe. Mvua ikinyesha juu ya jabali tupu, maji yanateremka mara moja. Jua likitoka, limekauka. Maji hayo yote yanashukia mguuni, ambako udongo unakaa na unyevu muda mrefu na mwamba unaendelea kulika. Kilele kinapona, mguu unaliwa. Ndiyo maana mnatoka shambani kwenye tambarare na hapohapo mnaanza kupanda kwa mikono. Vipimo vya milima ya namna hii huko Namibia na Australia vinaonyesha kuwa mwamba mtupu hupoteza mita chache tu kwa miaka milioni moja.

Kule Kanada na kaskazini ya Ulaya, barafu nene ilikwangua mwamba uliooza sehemu nyingi. Katika zama hizo za barafu, huku kwetu iliishia milima mirefu kama Kilimanjaro, Kenya na Ruwenzori. Masasi maji yaliachiwa kazi yao bila kuingiliwa. Mjerumani Wilhelm Bornhardt, mtaalamu wa miamba, alipita kusini mwa nchi hii miaka ya 1890, na katika kitabu chake cha 1900 akaielezea milima hii kuwa visiwa. Wataalamu wa dunia nzima wameibishania tangu hapo, nanyi mnaanikia mihogo chini yake!

Matabaka nayo: mwamba uliozoea uzito mkubwa juu yake, uzito ukiondolewa, hutanuka na kupasuka kufuata mgongo wake wa nje. Moto wenu unamalizia tu.

Kisima chimbeni karibu na mlima, lakini si kwenye ukingo wa jabali. Hapo mtagonga jiwe zima mapema mno. Sogeeni kidogo, mtafute palipo na changarawe laini ya mwamba uliooza, inayovunjika kwa mkono. Humo ndimo maji yanayoteremka mlimani yanamojificha. Na mama asikae kuponda chini ya bamba lililoanza kuachana na mwamba, hata kama pana kivuli kizuri.