Shangazi, mimi sikupigwa, mbona bado naogopa?

Barua ya leo imetoka kwa kaka wa miaka 33, ameoa na ana binti wa miezi minane. Kwa ufupi, amekua akimuona baba yake anampiga mama yake, ila yeye na mdogo wake hawakuguswa hata siku moja. Leo mke wake akipandisha sauti hata kidogo tu yeye anatoka nje, anarudi usiku mwingi watu wamelala, na mke anaona mume hana habari na ndoa. Anaogopa damu ya baba ipo ndani yake, na baba mwenyewe sasa hivi ni mzee mpole anayetaka kuja kumuona mjukuu. Anauliza, mimi sikupigwa, nina haki gani ya kulalamika?

Mwanangu, barua yako nimeisoma mara tatu, na palipo­nishika sio pale ulipoelezea kipigo, ni pale ulipoandika kwamba ulikuwa ukisikiliza ufunguo unavyoingia kwenye kitasa unajua kabisa usiku huo utakuwa wa amani au la. Ulikuwa na miaka saba. Mtoto wa miaka saba amelala macho wazi anapima ulevi wa baba kwa mlio wa ufunguo, alafu leo unaniambia haikukugusa?

Ilikugusa. Na sio mimi tu nasema. Kuna utafiti mkubwa ulifanyika Marekani miaka ya 90, watu wazima zaidi ya 17,000 waliulizwa mambo ya utotoni, na swali la kama mama yako alikuwa anapigwa liliwekwa pamoja na lile la wewe mwenyewe kupigwa, yote yakahesabiwa kuwa majeraha. Walichokiona ni kwamba kadiri mtu alivyokuwa na majeraha mengi ya aina hizo ndivyo alivyozidi kuwa kwenye hatari ya sonona, ulevi, hata ugonjwa wa moyo ukubwani. Uingereza nao kwenye sheria yao ya ukatili wa nyumbani ya 2021 wameandika kabisa kwamba mtoto anayeona au kusikia ukatili huo nae ni mwathirika. Kwaiyo haki ya kulalamika unayo, hiyo tuimalize hapa.

Sasa hili la kukimbia. Mwaka 2011 watafiti wa University College London walipiga picha za ubongo za watoto waliotoka kwenye familia zenye ukatili, wakawaonyesha sura za watu wenye hasira, na zile sehemu za ubongo zinazonusa hatari zikawaka kuliko za watoto wengine, kwa namna inayofanana na ilivyoonekana kwa wanajeshi waliotoka vitani. Na watoto wenyewe hawakuwa na ugonjwa wowote wa akili, kwa nje wako sawa tu kama ulivyokuwa wewe. Ndo ujue mwili wako ulisomea hicho kitu miaka na miaka na ulikisoma vizuri, ndo maana mkeo akisema kwa sauti "nimekwambia mara ngapi" mwili hauulizi huyu anayeongea ni nani, moyo unaenda mbio, mikono inakuwa ya baridi, na ukija kushtuka uko barabarani na mlango umeshaufunga nyuma yako. Huo sio udhaifu wala sio kwamba humpendi. Ila mkeo hajui hayo. Yeye anachokiona ni mgongo wako, alafu anabaki na mtoto analia na maneno yamemkaa kooni, na hapo sitakutetea mwanangu, kwa sababu binti yako nae atakua anajifunza kusikiliza mlango, tofauti ni kwamba wako atakuwa anasikiliza kama baba anarudi.

Kuhusu damu. Umeandika mwenyewe kwamba mgeni akigonga mlango katikati ya ugomvi baba yako alikuwa anabadilika palepale, anakaribisha, anacheka. Hebu kaa na hilo kidogo. Mtu aliyezidiwa na hasira haachi kwa sababu kuna hodi. Baba yako aliweza kujizuia, alichagua nani wa kumpiga na lini. Ukatili haurithiwi kama pua, na japo ni kweli aliyekulia kwenye hayo hatari ya kuyarudia inakuwa juu zaidi, wengi hawayarudii. Wewe kukasirika ni haki yako kama mtu yeyote, hasira sio kipigo, na ukimpa mtoto mama yake kwa muda ili utulie umefanya jambo la maana sana.

Kwaiyo usiache kutoka, badilisha namna ya kutoka. Siku mko vizuri, hamjagombana, kaa na mkeo umwambie habari ya ufunguo kama ulivyoniandikia mimi, usiipunguze. Alafu mkubaliane kwamba ukizidiwa utasema "nimezidiwa, nipe nusu saa, narudi tuendelee", na urudi kweli hata kama bado una aibu. Mwili ukishapanda hivyo unahitaji angalau dakika 20 kushuka, ila ukizitumia kupanga majibu ya kumrudishia hautashuka, we tembea tu.

Na utafute mwanasaikolojia anayejua mambo ya trauma, yaani majeraha ya moyoni yanayobaki baada ya mambo ya kutisha. Tangu 2013 Shirika la Afya Duniani linashauri tiba ya mazungumzo inayolenga trauma yenyewe, na nyingine inaitwa EMDR, ambayo unafuatisha kitu kwa macho huku unalikumbuka tukio. Ukikutana na mshauri ambaye kabla hajakusikiliza anaanza na "msamehe baba yako", nyanyuka tafuta mwingine.

Baba kuja, mimi kwa maoni yangu upole wa uzee sio toba. Je amewahi kukaa na wewe, au na mama yako, akatamka alichofanya? Kwenye barua sijaona. Basi aje siku wewe umeamua, mkeo akijua kila kitu, na mtoto asiachwe nae peke yake, na ndugu wakisema unaweka kinyongo waache waseme. Mama yako usimbebeshe lawama ya kutoondoka. Mwanamke anayepigwa yuko kwenye hatari kubwa zaidi pale anapojaribu kuondoka, na pengine yeye alishapiga hesabu hiyo usiku mwingi kuliko unavyojua.

Kitu kimoja bado. Mdogo wako. Umesema ulikuwa unamwingiza chini ya kitanda unamziba masikio na viganja vyako, unamwimbia polepole mpaka kuishe, alafu kwenye barua nzima hujamtaja tena. Ina maana hamjawahi kuliongelea mpaka mmekuwa watu wazima? Mpigie wiki hii mwanangu. Muulize tu ule wimbo anaukumbuka.