Maji ya kahawa yachemke au yasichemke? Swali kutoka Mbeya

SWALI: Ndugu Mtaalamu, salaam. Mimi na wenzangu saba tunaishi Forest ya Zamani hapa Mbeya, na kwa karibu miaka miwili tumekuwa tukikutana kwangu kila Jumamosi alasiri kukaanga, kusaga na kunywa kahawa, nyingi ikiwa ya Mbozi na nyingine ya Rungwe. Si biashara, ni starehe yetu tu. Tangu mwaka huu uanze, starehe hiyo imegeuka baraza la mabishano. Mmoja anashikilia kwamba maji yanayochemka huunguza kahawa, hivyo lazima yaachwe yapoe. Mwenzetu aliyekulia Tanga anasema kahawa isiyochemshiwa motoni ni maji ya rangi. Wa tatu anadai kwamba hata akifumba macho anaitambua ya Mbozi na ya Rungwe, na akibishiwa hukasirika. Wawili wameacha kuja. Naomba unieleze kitaalamu nani yuko sahihi kuhusu maji, na kama ninyi mnaoonja kahawa kwa kazi mna njia ya kuyamaliza mambo haya bila kugombana.

JIBU: Ndugu msomaji, nianze na maji, kwa sababu katika mabishano yenu yote hilo ndilo lenye jibu la wazi, na jibu lenyewe linatokana na mahali mnapoishi.

Ushauri wa kuacha maji yapoe kidogo una msingi, ila unawafaa watu wanaoishi karibu na usawa wa bahari, ambako maji huchemka yakifika nyuzijoto 100 za Selsiasi. Waandaaji wengi wa kahawa hupendelea maji yenye nyuzijoto kati ya 92 na 96 wakati yanapokutana na unga, kwa hiyo mtu wa Dar es Salaam au wa Hamburg hana budi kuliepua birika na kusubiri. Mbeya mjini ni kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Kadiri mtu anavyopanda, hewa inayoyakandamiza maji hupungua, nayo maji huchemka mapema zaidi, kwa tofauti ya takribani nyuzijoto 1 kwa kila mita 300. Ndiyo kusema kwamba birika lako linapofoka mvuke hadi kifuniko kinacheza, maji yaliyomo yako kwenye 94 hivi, na hata ukiuchochea moto mpaka usiku hayatapanda zaidi ya hapo. Iringa ni karibu vilevile, na Njombe, kulikoinuka zaidi, ni pungufu kidogo. Hiyo ndiyo sababu ileile inayofanya maharage yachelewe kuiva huku kwetu, jambo ambalo kila aliyehamia kutoka pwani hulijua kwa mkaa anaoumaliza wiki ya kwanza.

Kwa hiyo rafiki yenu anayesubiri maji yapoe anayapunguza joto maji ambayo tayari yalikuwa mahali panapotakiwa. Akingoja dakika moja au mbili, kisha akamimina kwenye chombo cha baridi katika alasiri ya Julai ya Mbeya, unga wake huenda ukakutana na maji yaliyo chini ya 88, naye atapata kahawa nyepesi yenye uchachu unaokaa ncha ya ulimi, halafu atailaumu buni. Alichojifunza ni sahihi, lakini kilikusudiwa birika la mtu mwingine. Mwambieni amimine mara tu maji yanapochemka, na avipashe vyombo moto kwanza kwa maji hayohayo. Kipimajoto cha jikoni kitalithibitisha hili mbele ya wote kwa muda usiozidi dakika tano, na ningependa kipimajoto hicho kishikwe na yeye mwenyewe, si na aliyekuwa akimbishia.

Kama tatizo lake halisi ni uchungu, basi usagaji ndio wa kutazamwa kabla ya joto. Kahawa iliyotwangwa kwenye kinu huwa na vumbi na chenga kwa pamoja: vumbi hutoa kila kitu upesi na kupita kiasi, likaleta uchungu, wakati chenga hazijatoa hata nusu ya ladha yake, zikaleta uchachu, na mnywaji hupata kasoro zote mbili ndani ya kikombe kimoja. Pitisheni unga kwenye chekeche la jikoni, vumbi liwekwe kando, nanyi mtaona mabadiliko makubwa kuliko yale yanayoletwa na nyuzijoto mbili tatu. Nimeona watu wakigombania joto kwa mwezi mzima huku kila mmoja akipima kahawa kwa kijiko cha ukubwa wake. Nunueni mizani ndogo, na mwanzo mzuri ni gramu 60 za unga kwa lita moja ya maji.

Mwenzenu wa Tanga hakosei. Yeye anazungumzia kinywaji kingine. Kahawa ya pwani inayochemshiwa kwenye mdila, pengine kwa tangawizi au iliki, ikanywewa katika vikombe vidogo pamoja na kashata au tende, imekusudiwa kuwa nzito na chungu, na utamu wa kitafunwa ndio unaoisawazisha. Kuipima kwa kigezo cha kahawa iliyochujwa ni sawa na kuulaumu uji kwa kuwa haukukatika kama ugali. Ila yapo anayoweza kulalamikia kwa haki: mdila wake, ukichemka hapa Mbeya, hauzidi hizo nyuzijoto 94, na kwa hiyo kipimo na muda aliozoea kwao havitampa kahawa ya kwao. Aongeze dakika kadhaa motoni au asage laini zaidi. Mpeni Jumamosi moja kwa mwezi aiandae kwa namna yake, na siku hiyo chujio lisitoke kabatini.

Sasa nije kwa yule wa kufumba macho, kwani hapa pana jambo linalonivutia mimi mwenyewe. Katika miaka ya 1920, kwenye kituo cha utafiti wa kilimo cha Rothamsted nchini Uingereza, mtaalamu wa mwani aitwaye Muriel Bristol alikataa kikombe cha chai alichopewa na Ronald Fisher, kwa sababu maziwa yalitiwa baada ya chai ilhali yeye alipenda yatangulie, na akasisitiza kwamba ladha hutofautiana. Wenzake wangeweza kubishana naye mpaka jioni. Badala yake waliamua kumjaribu. Fisher, ambaye leo anahesabiwa miongoni mwa waasisi wa takwimu za kisasa, alilieleza jaribio la namna hiyo katika maandishi yake ya mwaka 1935: vikombe 8, vinne vikiwa vimetangulizwa maziwa na vinne chai, vikiletwa bila mpangilio, na mwonjaji akitakiwa kuvitenga vinne vinne. Anayebahatisha ana nafasi 1 tu kati ya 70 ya kuvipata vyote. Ninachokipenda katika kisa hicho ni kwamba dai lililoelekea kuwa ugomvi liligeuzwa mchezo, na aliyedai hakuhitaji kupandisha sauti wala aliyebisha hakuhitaji kudhihaki.

Sisi waonjaji tuna jaribio jepesi zaidi, la vikombe vitatu: viwili vyenye kahawa moja na kimoja chenye kahawa nyingine, na mwonjaji anatakiwa kuonyesha kilicho tofauti. Pikeni kahawa mbili, ya Mbozi na ya Rungwe, kwa kipimo kimoja, mtie kila moja kwenye chupa ya chai yake. Mtu mmoja ambaye haonji apange vikombe chumba kingine, na mpangilio auchague kwa kurusha dadu, kwa kuwa kuna namna sita tu za kuvipanga, nazo zinalingana na nyuso sita za dadu. Akiachiwa apange kwa akili yake atakuwa na mazoea, na wanaomjua watayagundua. Vikombe vifanane kabisa, na viachwe vipoe hadi vuguvugu, kwa sababu tofauti ya joto humwambia mwonjaji mengi kabla ya ladha. Mfanye mara sita, mbili kila Jumamosi ili ulimi usichoke. Anayebahatisha hupata angalau tano kati ya sita kwa nafasi isiyofika 2 katika 100, hivyo rafiki yenu akipata tano mkubalieni, akipata tatu au pungufu atulie, na akipata nne mkubaliane kurudia, maana nne humtokea hata anayebahatisha kwa nafasi ya kama 8 katika 100.

Kuna mtego mmoja, nao umewanasa watu wenye ulimi mzuri kuliko wangu. Ikiwa ya Mbozi ilikaangwa ikaiva zaidi kuliko ya Rungwe, anachokitambua ni moto wa sufuria na si ardhi. Zikaangwe siku moja, hadi rangi moja, na zipumzike siku zilezile kabla ya kusagwa, kwa kuwa buni iliyotoka motoni karibuni hutoa hewa ya kaboni dayoksaidi kwa siku kadhaa, na povu lake maji yanapomiminwa linaweza kuifichua kahawa hiyo kabla haijaonjwa. Na hata akishinda, atakuwa amethibitisha tu kwamba magunia hayo mawili yanatofautiana. Mbozi si ladha moja: mwinuko wa shamba, aina ya mbuni, uivu wa matunda siku ya kuchumwa na namna yalivyooshwa na kukaushwa huweza kuzitofautisha kahawa za majirani wawili kuliko za wilaya mbili. Mimi mwenyewe niliwahi kutamba mbele ya vijana niliokuwa nikiwafundisha kwamba nyanda hizi nazijua kwa ulimi. Wakanipangia vikombe, nikapata viwili kati ya sita, ambayo ndiyo hesabu hasa ya mtu anayebahatisha. Kicheko chao kilikuwa kirefu, lakini hakikuwa kibaya, kwa sababu nilikuwa nimekubali jaribio kabla ya matokeo.

Hata hivyo, kama mtachukua jambo moja tu kutoka kwangu, liwe ni ukimya. Katika chumba cha kuonjea kahawa hakuna anayesema lolote, wala kukunja uso, wala kuguna, hadi kila mmoja awe ameandika alama zake na kuziweka kifudifudi. Wageni hudhani ni mbwembwe. Sababu yake niliiona mapema kazini, pale mkubwa wetu mmoja alipoonja kikombe cha kwanza akasema kwa sauti kwamba anasikia ndimu. Karatasi zetu sote sita ziliandikwa ndimu, na tulipoirudia kahawa ileile kesho yake bila yeye kuwepo, hakuna aliyeiona ndimu hiyo. Penye anayesema kwanza, wengine hubaki na njia mbili, kumfuata au kumpinga, na hapo ndipo nadhani kikundi chenu kilipopotelea: hamkuwa tena mkiionja kahawa, mlikuwa mkimjibu mtu. Kila mmoja awe na kipande cha karatasi. Mkishafunua, mtakuta mara nyingi wawili waliokuwa maadui wa maji wameandika maneno yanayokaribiana.

Yapo pia yasiyopimika, kama sukari, maziwa, au kama uchachu unapendeza au unakera. Hayo hayana jaribio na msiyatafutie. Nikiulizwa mimi hutia sukari kijiko kimoja nikiwa nyumbani, pamoja na kazi yangu, na sijawahi kuona sababu ya kumweleza mtu.

Kuhusu ratiba, kunyweni kwanza. Saa nzima ya mwanzo iwe ya kahawa na maongezi ya kawaida, kisha jaribio moja tu, lisilozidi nusu saa, juu ya dai lililoandikwa Jumamosi iliyotangulia. Mwenye dai ndiye aandae vifaa, apime, asage na aoshe vikombe baadaye. Sharti hilo hupunguza madai kuliko hotuba yoyote. Dai linalozuka ghafla katikati ya mazungumzo liandikwe ukutani lingoje zamu yake, na mengi yakishalala wiki moja hayaamki.

Wale wawili walioacha kuja usiwaite kwa kuwaomba msamaha wa jumla, maana watakuuliza unaomba msamaha wa nini, nanyi mtayaanza upya. Mpelekee kila mmoja robo kilo ya buni iliyokaangwa, umwambie kwamba mna jaribio la vikombe vitatu na mnahitaji mtu wa kupanga na kurusha dadu ambaye hayumo upande wowote. Mpangaji haonji, hivyo hatakiwi kuwa na maoni siku hiyo, na atakunywa yake baada ya matokeo kusomwa.