Unatunga, unaandika, unaigiza: majibu kwa wanaofanya yote matatu

Napiga kinanda kwa kusikia tu, nota sijui kuzisoma. Nikijitokeza kutunga muziki wa filamu si nitadharauliwa?

Hutadharauliwa, ila utahitaji mtu wa kukuandikia, na uwe tayari kumsikiliza. Charlie Chaplin, mchekeshaji maarufu wa filamu za zamani, hakujua kusoma nota. Hata hivyo, kuanzia City Lights ya mwaka 1931 alitunga muziki wa filamu alizoziandika, kuziongoza na kuziigiza mwenyewe. Aliimba wazo lake au akalitafuta kwenye piano, na msaidizi akalinasa kwenye karatasi. Katika Modern Times (1936) mmoja wa wasaidizi hao alikuwa David Raksin, kijana wa miaka 23 asiyeogopa kumwambia bosi kwamba mahali fulani panaweza kuboreshwa. Hata wiki mbili hazijaisha, akafukuzwa. Kisha akaitwa tena, na wakaimaliza kazi pamoja. Mwaka 1954 tuni mojawapo ya filamu hiyo ilitiwa maneno, ikawa wimbo Smile unaoimbwa hadi leo.

Kwa hiyo tafuta mpangaji wa muziki anayeweza kukubishia. Mlipe, na jina lake liandikwe kwenye filamu.

Skripti ni yangu, mhusika mkuu ni mimi, muziki nitatunga mimi. Nianze na lipi, na nijihadhari na nini?

Anza na skripti, na humo muziki usiuelezeeleze. Tuni inaweza kukujia mapema hata kabla ya kupiga picha. Irekodi kwenye simu uiache hapo. Usiipime urefu mpaka uhariri wa picha uishe kabisa. Filamu hukimbia fremu 24, yaani picha moja moja 24, kwa sekunde. Mhariri akikata sekunde mbili tu, fremu 48 zimekwenda, na ule mlio wa ngoma ulioupanga uangukie mlango unapofungwa utasikika mlango ukiwa umeshafungwa zamani.

Kuhusu tahadhari, hapa nitakawia, maana ndipo wengi wenye vipaji vitatu wanapojikwaa. Chukua mfano. Umeigiza baba anayesoma barua mezani. Anaimaliza, anaikunja mara mbili, anaitia mfukoni, ananyanyuka. Ukijitazama unaona uso wako haukuonyesha uchungu wa kutosha. Basi usiku unakaa kwenye kinanda na kumimina vayolini kuanzia neno la kwanza la barua, ili muziki ulie kwa niaba yako. Hapo mtunzi anamfunikia mwigizaji aibu, na mtazamaji hulihisi jambo hilo hata kama hajui kulitaja.

Tazama tukio hilo bila muziki wowote, ukiwa na mtu ambaye hakushiriki kuitengeneza filamu. Akikaa kimya mpaka mwisho, kukunja barua kumetosha. Muziki uingie baba akishanyanyuka, au usiingie kabisa. Naamini kwa dhati kwamba faida kubwa ya mtunzi aliyewahi kusimama mbele ya kamera ni kujua pa kunyamaza. Kama tukio halijasimama bila muziki, rudi kwa mhariri, au rudi kwenye skripti.

Kuna wanaosema muziki wa filamu ni urembo tu. Ni kweli?

Si kweli. John Carpenter, aliyeandika filamu ya kutisha Halloween (1978) pamoja na Debra Hill, akaiongoza na kuitungia muziki, amesimulia kwamba aliionyesha filamu hiyo kwa ofisa mmoja wa kampuni ikiwa bado haina muziki, naye hakuogopa hata kidogo. Kilichoongezwa ni mapigo ya piano yenye hesabu ya tano badala ya nne. Mtu hawezi kuyafuata kwa mguu, na wasiwasi unaanzia hapo.

Mwongozaji ananiambia muziki wangu unameza maneno ya waigizaji. Nipunguze sauti?

Ukishusha sauti tu, muziki utakuwa hafifu na bado utasumbua. Punguza nota. Ondoa ala inayokaa kwenye kimo kilekile cha sauti ya msemaji. Selo, ile ala kubwa ya nyuzi yenye sauti nzito kuliko vayolini, kwa mfano, hugombana na sauti ya mwanamume. Tuni itembee mwigizaji anapopumua, na akisema isimame kwenye nota ndefu. Wewe unayeigiza una njia rahisi: yaseme maneno yale mwenyewe kwa sauti huku ukipiga. Ulimi utakuonyesha pa kupishana.

Mhariri aliweka muziki wa mtu mwingine kwa muda, sasa wameuzoea na wanataka wangu ufanane nao.

Kataa kunakili. Waulize wanapenda nini ndani yake: mwendo, ala, au mahali unapoingia? Hivyo unaweza kuwapa bila kuiba tuni. Hata Chaplin, alipotumia wimbo La Violetera wa mtunzi José Padilla katika City Lights bila kumtaja, alishtakiwa Paris na akashindwa.

Nimeshazeeka. Nimechelewa?

Chaplin alipata tuzo ya Oscar ya muziki mwaka 1973, akiwa na miaka 83, kwa Limelight, filamu ya mwaka 1952 ambayo haikuonyeshwa Los Angeles hadi 1972. Wenzake wawili aliotuzwa nao, Raymond Rasch na Larry Russell, walikuwa wameshafariki. Anza sasa.

Kampuni inataka kunilipa kwa mkupuo mmoja kwa kuandika, kuigiza na kutunga. Nikubali?

Usikubali. Omba mikataba mitatu, au angalau mkataba wenye vifungu vitatu vyenye kiasi chake. Haki za skripti na haki za muziki hazifanani, na muziki unaweza kuendelea kukuingizia mirabaha, yaani malipo ya kila unapotumika, filamu ikirushwa kwenye televisheni miaka mingi baadaye. Mirabaha hiyo hufuata orodha ya muziki wa filamu: jina la kila kipande, mtunzi, dakika na sekunde, na jinsi kilivyotumika. Orodha isipopelekwa kwenye chama cha hakimiliki, pesa zako hazina njia ya kukufikia. Ijaze mwenyewe mara tu uchanganyaji wa sauti unapokamilika, kabla watengenezaji hawajatawanyika kwenda kwenye kazi nyingine.