Re: Mbona ukihama hospitali unapimwa upya?

Mkuu umeuliza kama teknolojia imeenda mbali hivi, hadi AI (akili bandia) inasoma picha za ngozi kutafuta ugonjwa, mbona ukihama hospitali unapimwa tena vilevile. Ishu sio mashine, ishu ni kwamba mifumo ya kompyuta ya hospitali haiongei. Hospitali moja imenunua mfumo huu nyingine ule, kila mmoja unahifadhi data kivyake, na muuzaji wa mfumo naye hana haraka ya kuirahisishia hospitali ihamie mfumo mwingine. Ndo maana HL7, shirika linalotunga kanuni za kubadilishana data za afya, likatoa kiwango (kanuni za pamoja) kinaitwa FHIR, yaani mfumo wowote ukikifuata unaweza kutuma majibu ya damu au orodha ya dawa na mwingine ukasoma bila mtu kuchapa upya. Ila kiwango kuwepo na watu kukitumia ni vitu viwili, hapo bado sana.

Watu wakiamua kushirikiana lakini, spidi yake inatisha. Januari 2020 wanasayansi wa China waliweka wazi jenomu (mpangilio mzima wa vinasaba) ya virusi vya korona, maabara kibao duniani zikaanza kazi na hiyo data bila hata kuwa na kirusi chenyewe mkononi, na Desemba mwaka huohuo Uingereza ikaruhusu chanjo ya Pfizer na BioNTech.

AI ya kusoma picha za ngozi uliyoitaja inasaidia, ila inajua kile ilichofundishwa tu. Ikifundishwa kwa picha za watu weupe, kwa mwenye ngozi nyeusi inabahatisha, na hilo limeshaonekana.

Kwa sasa we omba nakala ya majibu kila ukipimwa, iwe PDF au karatasi, utunze mwenyewe.