Usingoje Kiingereza Kiishe Ndipo Usomee Kazi

Wiki iliyopita nilitoka zamu ya usiku nikakuta ujumbe kwenye simu. Mwenyewe, mama kutoka Kongo anayeishi Kent, mji wa kusini mwa Seattle hapa Marekani, ameniruhusu niuweke hapa kama alivyouandika:

"Jambo dada. Miye ni mama wa Uvira, niko hapa Kent sasa miaka ine. Ku masomo waliniambia nimalize kwanza Kingereza yote ndio nianze kusomea kazi. Niko na miaka 38. Nitamaliza lini?"

Niliusoma mara tatu nikiwa nimekaa ukingoni mwa kitanda, viatu bado miguuni. Nitamaliza lini. Swali hilo hilo niliuliza mimi mwaka 2013, kwa lafudhi ya kwetu Muheza, Tanzania, mbele ya dirisha la ofisi ya ushauri katika chuo kimoja cha jamii (wenyewe wanaita community college) kusini mwa Seattle. Sikupata jibu. Kwa hiyo mama huyu namjibu kwa kirefu, na wewe unayelala na daftari la Kiingereza chini ya mto, uwe Tukwila, Portland au Minneapolis, soma nawe, maana najua unachokitaka. Hukuvuka bahari ili uishie kupanga maboksi.

Nilifika jimbo la Washington 2011, nimemfuata mume wangu. Nilikuja na elimu ya darasa la saba na miaka minane ya kuuza vitenge sokoni. Kusoma nilipenda, kilichonikatiza ni ada. Mwaka uliofuata nikaenda kupimwa Kiingereza, nikawekwa ngazi ya tatu kati ya sita. Nilifurahi sana siku ile. Ada yenyewe ilikuwa dola 25 kwa muhula, nikajiambia, hapa sasa mlango umefunguka.

Baada ya mwaka nikaenda kwenye lile dirisha kusema kwamba nataka kusomea uuguzi. Mshauri alichukua karatasi iliyochapwa mchoro wa ngazi. Chini Kiingereza, ngazi zote sita. Juu yake cheti cha sekondari. Juu yake hesabu za chuo. Kileleni kabisa, kwenye kadaraja kadogo, kozi ya kazi. Akanizungushia duara na kalamu pale nilipokuwa nimesimama, akasema nirudi Kiingereza changu kikiwa tayari. Nilihesabu vidaraja nikiwa kwenye basi. Kwa mwendo niliokuwa nao, ilikuwa ni miaka saba. Mwanangu wa kwanza alikuwa na miaka minne. Karatasi ile ninayo mpaka leo, imekunjwa ndani ya Biblia, na nikiitazama bado kifua kinabana. Mtu alinitazama dakika tano akaniandikia miaka saba ya maisha yangu kwa kalamu ya wino.

Nikarudi ghalani. Tulikuwa tunapanga matunda kwenye chumba cha baridi, zamu ya saa tisa alasiri hadi saa tano usiku, na asubuhi darasani. Miaka miwili iliyofuata sina cha kuisimulia. Darasani tulijifunza kuagiza chakula mkahawani na kuuliza treni inaondoka saa ngapi. Sijidai kwamba ilikuwa bure, walimu walikuwa wema. Lakini hakuna hata siku moja niliyotoka mle na neno ambalo lingenipa kazi.

Baadaye ndipo nilipojua kwamba sikuwa peke yangu, na kwamba jimbo lenyewe lilishaliona tatizo kabla sijapanda ndege. Watafiti waliwafuatilia kwa miaka mitano watu wazima waliowahi kuingia vyuo vya jamii vya Washington, wakachapisha matokeo 2005. Kati ya walioanzia madarasa ya Kiingereza, asilimia 13 tu ndio waliowahi kusoma hata somo moja la kuhesabiwa krediti za chuo, yaani vile vipimo vya masomo vinavyojumlishwa mpaka upate cheti. Waliofikisha krediti 45, yaani mwaka mmoja wa masomo, au kupata cheti chochote, ni asilimia 4 hadi 6. Wengine wote walibaki njiani, kwenye ngazi kama ile ya karatasi yangu. Nilipozisoma takwimu hizo nililia, maana kwa miaka yote ile nilidhani mzito ni mimi.

Dawa yake ilikuwa mpango wa vyuo vya jimbo unaoitwa I-BEST. Ilianza kwa majaribio 2004 katika vyuo vichache, kisha ikaenea katika vyuo vyote 34 vya jimbo. Wazo lake ukimweleza bibi yangu angeshangaa kwamba lilihitaji wataalamu: mwanafunzi asisubiri amalize Kiingereza na hesabu ndipo aguse kazi, asome vyote pamoja, darasa moja, wakati mmoja. Walimu ni wawili. Mmoja wa fani, awe muuguzi, fundi wa kuchomelea au mtaalamu wa malezi ya watoto. Mwingine wa lugha na hesabu. Lazima wawe darasani pamoja angalau nusu ya muda wa kozi. Ni mpango ghali, na jimbo lilikubali kukilipa chuo karibu mara mbili kwa kila mwanafunzi: 1.75 pale ambapo mwanafunzi wa kawaida anahesabiwa moja.

Mimi sikushangaa sana, kwa sababu kwetu niliwahi kuona kitu cha namna hiyo. Mjomba wangu alisomea useremala katika chuo cha maendeleo ya wananchi, vile vyuo ambavyo wazo lake Mwalimu Nyerere alilitoa Sweden, vikaanza 1975. Mjomba aliingia pale akiwa hawezi sehemu za hesabu hata kidogo. Alizijua akiwa ameshika rula na ubao wa mninga, kwa sababu robo inchi ukiikosea mlango haufungi.

I-BEST niliipata 2015, kwa mwalimu wa jioni aliyetaja jina hilo akiwa anafuta ubao. Ilikuwa katika chuo kingine, mabasi mawili kutoka nyumbani. Wakati huo nilikuwa nimefika ngazi ya tano. Nikaenda na barua ya kazini, matokeo ya mtihani wa Kiingereza, na mtoto wa pili mgongoni. Yule niliyemkuta alinipa kiti. Akaniuliza nataka kazi gani, kisha ndipo akaangalia alama. Kumbuka mpangilio huo, ndugu yangu. Kwanza kazi, halafu alama.

Siku ya tatu ya kozi ya usaidizi wa uuguzi, mwalimu wa fani, mama mmoja aliyefanya kazi wodini miaka mingi, alikuwa anaeleza jinsi ya kuandika mgonjwa amekunywa kiasi gani. Glasi ya juisi aunsi 4, ameimaliza. Bakuli la supu aunsi 6, amekunywa nusu. Andika kwa mililita. Nikaduwaa. Mililita nilizijua tangu darasa la tano, aunsi ndiyo iliyokuwa ngeni kwangu, na nilishaona wenzangu wanaandika. Mwalimu wa lugha akanyoosha mkono kama mwanafunzi, akasema tusimame hapo. Akaandika 30 ubaoni, kubwa, akatuambia kila aunsi moja tuihesabu mililita 30. Nne kwa juisi, tatu kwa supu, jumla saba. Saba mara 30 ni 210. Halafu akatutaka tuiseme kwa sentensi kamili, kila mtu, kama tunamkabidhi muuguzi wa zamu inayoingia. Nilisema. Ilikuwa mara yangu ya kwanza Marekani kusema sentensi ya Kiingereza iliyokuwa na maana kwa uhai wa mtu.

Alasiri hiyo hiyo likaja neno "void". Kamusi yangu iliniambia ni utupu. Mwalimu wa fani anauliza kama mzee "amevoid" tangu asubuhi, mimi nawaza utupu gani. Hospitalini maana yake ni kukojoa. Hebu fikiria ningelikutana nalo kazini peke yangu, kitandani kuna mzee ambaye hajakojoa tangu alfajiri na mimi nasema ndiyo, ndiyo. Neno kama lile huwezi kulipata kwenye somo la kuagiza chakula. Linakaa pale kazi ilipo.

Na kuandika je? Mwalimu wa lugha alinirudishia karatasi yangu ya kwanza ya kumbukumbu za mgonjwa ikiwa imejaa wino mwekundu. Niliandika kwamba mzee ana hasira. Akaniuliza umeonaje hasira? Nikasema amesukuma sahani, hakutaka kuongea. Akasema hayo ndiyo uandike: amesukuma sahani, hakujibu alipoitwa mara mbili. Andika ulichokiona. Sarufi ya wakati uliopita, ambayo ilinishinda miaka mitatu, niliimudu kwa wiki mbili kwa sababu ya yule mzee na sahani yake.

Mtihani wa vitendo niliufanya masika ya 2016. Unanawa mikono mbele ya mtahini, unavuta pazia, unafunga breki za kitanda. Kisha mapigo ya moyo kwenye kifundo cha mkono, dakika nzima, na mtahini ameshika mkono wa pili wa mgonjwa huyo huyo anahesabu na yeye. Hesabu zenu zisipishane zaidi ya mapigo manne. Mimi niliandika 72. Yeye alikuwa na 72. Hakuniambia siku ile, niliiona karatasi akiigeuza. Nilifaulu mara ya kwanza, mimi wa darasa la saba, mimi wa kuambiwa nirudi Kiingereza kikiwa tayari.

Leo mimi ni muuguzi mwenye leseni, na cheti cha sekondari nilikipata njiani. Kwa hiyo nisikilize ninapokwambia: usingoje. Nenda chuoni usiulize darasa la Kiingereza linaanza lini; uliza kozi ya kazi ipi ina walimu wawili. Wakikwambia malizia kwanza, uliza tena kwa mtu mwingine. Wakikwambia hapa hakuna, panda basi uende chuo kinachofuata. Tangu 2014 sheria ya shirikisho inautambua mpango wa kufundisha elimu ya msingi na kazi kwa pamoja, si Washington tu, kwa hiyo mtu asikwambie ni ndoto.

La pesa pia usingoje kuambiwa. Mimi nilipoenda dirishani 2013, asiye na cheti cha sekondari alikuwa amefungiwa msaada wa ada wa shirikisho tangu Julai 2012, na hakuna aliyenieleza. Mwisho wa 2014 mlango ukafunguliwa tena kwa walio katika mipango ya namna hii inayounganisha elimu na kazi. Kwa Washington kuna pia ruzuku ya jimbo iitwayo Opportunity Grant, inayolipia ada ya hadi krediti 45 na vitabu hadi dola 1,000 kwa mwaka. Itaje kwa jina. Ukisema tu "msaada" utapewa karatasi na utaondoka.

Sitakudanganya kwamba hata asiyejua kusema jina lake kwa Kiingereza ataingia leo. Kuna alama za kuingilia, na kama uko ngazi ya kwanza utahitaji muda. Lakini ngazi ya tatu, ya nne? Gonga. Mbaya zaidi watakupa tarehe ya kurudi, na tarehe ni bora kuliko duara la kalamu.

Na ukishapata cheti kile kifupi, usikae. Hapa nasema na dada zangu waliomaliza na mimi. Tulikuwa kumi na sita. Wengi wanafuta na kunyanyua wazee usiku na mchana kwa mshahara ule ule wa mwanzo, migongo imeanza kuuma. Utafiti ule wa 2005 ulionyesha kwamba tofauti ya kipato inakuja kwa anayefika mwaka mmoja wa krediti na cheti juu yake: walioanzia Kiingereza wakafika hapo walipata wastani wa dola 7,000 zaidi kwa mwaka kuliko wenzao walioishia na krediti zisizofika kumi. Cheti cha wiki chache ni kizingiti cha mlango. Watu hawajengi kitanda kizingitini.

Nanyi waume, shikeni watoto jioni. Wangu alishika, alijifunza kusuka nywele za binti yetu, na leo nyumba tunayolala ni ya mikono minne. Wazee wa kanisa na viongozi wa misikiti, mnapowapeleka wageni kujiandikisha, msiwaache dirishani. Ingieni nao. Mimi siku ile ya 2013 ningekuwa na mtu mmoja tu pembeni yangu wa kusema "hebu tuonyesheni njia nyingine", ningeokoa miaka miwili ya chumba cha baridi.

Mama wa Uvira, nimekupigia jana na umenijibu, nashukuru. Alhamisi saa nne asubuhi nitakuwa kituo cha basi cha Kent, nimevaa koti la bluu. Beba matokeo yako ya mtihani wa mwisho na barua ya kazini. Wakikuuliza umekuja kwa darasa lipi la Kiingereza, wewe taja kazi unayoitaka, mengine tutayasema pamoja.