Fundi ajibu: C1815, BC547 na kadude kanakoitwa J3Y

SWALI: Habari fundi. Natengeneza redio na amplifaya hapa Morogoro, juzi nimetoa transista imeandikwa C1815 GR, dukani wakasema hiyo hamna, chukua BC547 ni ileile, nikaichomelea vilevile ilivyokaa ya kwanza na sauti haikutoka kabisa. Halafu kwenye redio ya memori kadi kuna kadude kadogo kenye miguu mitatu kameandikwa J3Y, nimetafuta 2SJ3 sijaiona popote. Hizi namba zinasomwaje?

JIBU: Salama kaka, pole. C1815 ni namba ya Kijapani, jina kamili 2SC1815, ila mgongoni hawaandiki hiyo 2S, unaiweka mwenyewe kichwani. Herufi inayofuata 2S inakwambia aina: A na B ni PNP, C na D ni NPN, hizo ni transista za kawaida zinazopishana mwelekeo wa umeme, J na K ni FET, aina nyingine ya transista. GR inakwambia inakuza mkondo mara ngapi, 200 hadi 400, ingekuwa Y ni 120 hadi 240. BC547 ni namba ya Ulaya, B maana yake silikoni, C ni ya sauti yenye nguvu ndogo, na kwa priampu, yaani sehemu ya kwanza inayokuza sauti, inafaa kabisa, aliyekuuzia hakukosea, ila angekwambia habari ya miguu! Ukiangalia upande bapa, miguu ikiwa chini, C1815 kutoka kushoto ni emita, kolekta, besi. BC547 ni kolekta, besi, emita. Yaani wewe hakuna mguu hata mmoja ulioingia tundu lake. Igeuze iangalie nyuma, halafu vusha besi na kolekta zipishane, mguu mmoja uvalishe kimpira zisigusane.

J3Y sasa. Hako ni kadogo mno kuandikwa jina zima kwa hiyo wanaweka kodi tu, yaani alama fupi, hiyo J haihusiani na 2SJ. Kwa kawaida J3Y ni S8050, NPN, na mwenzake 2TY ni S8550, PNP. Lakini kodi hizi kila kiwanda kina zake, nimeshaona watu wanabadilisha kwa kuamini maandishi tu wakaunguza bodi, naomba sana upime kwanza.

Itoe kwenye bodi, mita ya kupimia umeme weka kwenye alama ya daiodi, waya mwekundu ushike mguu mmoja na mweusi uguse miwili iliyobaki. Ikisoma kama 0.6 au 0.7 kote kuwili basi hapo ndipo besi na ni NPN, ikikubali mweusi ukiwa ndio umekaa besi ni PNP. Kati ya zile namba mbili, iliyo kubwa kidogo ndio upande wa emita, tofauti ni ndogo sana kwa hiyo soma mpaka tarakimu ya mwisho. Ikisoma pande zote mbili, mbele na nyuma, imeshoti.

Na hiyo BC547 uliyochomelea vibaya ipime hivyohivyo kabla hujairudisha, huenda bado ni nzima.